Jinsi ya Kuidhinisha Viendelezi vya Mfumo Unaposakinisha Programu ya Usalama Kwenye Mac: Mwongozo Kamili

Malalamiko yanayokuja ni yale yale: antivirusi imesakinishwa, kisakinishi kimeandika kwamba kazi imekamilika, lakini ikoni yake juu ya skrini ina alama nyekundu na programu inasema kompyuta haina ulinzi. Mtu anaifuta, anaisakinisha tena, matokeo hayabadiliki. Wengine hurudia hivyo jioni nzima.

Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Kisakinishi hunakili mafaili tu, kikiwemo kiendelezi cha mfumo, yaani kipande cha programu kinachofanya kazi ya ulinzi nyuma ya pazia. Kuiruhusu programu ichunguze mafaili yanayofunguliwa, isome diski nzima na kukagua mawasiliano ya mtandao ni kazi ya mwenye kompyuta, na macOS haiikubalii programu yoyote ijiidhinishe yenyewe. Ni sheria nzuri. Kama antivirusi ingeweza kujibofyea kitufe cha ruhusa, kirusi nacho kingeweza.

Kwa hiyo usihesabu kwamba umesakinisha mpaka umalize ruhusa zote. Ziko nne, zimetawanyika katika kurasa tofauti za mipangilio, na ukiruka moja programu inaweza kuonekana hai huku haioni kitu.

Majina ya menyu na vitufe nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, ili uyatambue ukiyaona.

## Andaa hivi kabla ya kuanza

Nenosiri la akaunti ya msimamizi. Fungua "System Settings" (kwenye macOS 11 na 12 inaitwa "System Preferences"), kisha "Users & Groups". Chini ya jina lako pawe pameandikwa "Admin". Kama pameandikwa "Standard", utahitaji mwenye akaunti ya msimamizi awepo, la sivyo utakwama hatua ya nne.

Toleo la macOS na aina ya chipu. Bofya alama ya Apple pembeni juu kushoto, kisha "About This Mac". Andika namba ya toleo (11, 12, 13, 14, 15 au zaidi) na kama chipu ni ya Apple (M1 na kuendelea) au ya Intel. Namba hiyo ndiyo itakayokuambia ukurasa wa kufungua.

Kisakinishi kipya kutoka tovuti ya mtengenezaji. Usitumie faili la mwaka juzi lililobaki kwenye folda ya "Downloads". Matoleo ya zamani ya programu nyingi za usalama yalitumia viendelezi vya keneli, yaani vipande vinavyoingia ndani kabisa ya mfumo, na kuviidhinisha kwenye Mac mpya ni safari ndefu isiyo ya lazima.

Kompyuta yenyewe mbele yako. Usifanye kazi hii kwa kuiendesha Mac kutoka mbali kupitia programu ya kushiriki skrini. Sababu yake utaikuta kwenye sehemu ya mikwamo.

Hifadhi pia kazi zako zote, maana huenda ukatakiwa kuzima na kuwasha.

## Hatua ya 1: Ondoa antivirusi nyingine iliyopo

Programu mbili za usalama zinazochunguza mafaili kwa wakati mmoja hugombania kila faili linalofunguliwa. Mashine inakuwa nzito, na wakati mwingine moja huitambua nyenzake kama tishio.

Tumia kiondoaji kilichokuja na programu ya zamani, kisha washa kompyuta upya. Ulinzi wa XProtect uliojengwa ndani ya macOS uache kama ulivyo. Huo haugombani na mtu.

Umefaulu ikiwa: ikoni ya programu ya zamani haipo tena juu ya skrini baada ya kuwasha upya.

## Hatua ya 2: Sakinisha, na programu ikae kwenye "Applications"

Fungua kisakinishi na ufuate maelekezo yake. Kama programu imekuja kwa mtindo wa kuburuta ikoni, iburute hadi folda ya "Applications" kabla ya kuifungua kwa mara ya kwanza.

Hili si suala la unadhifu. macOS hukataa kuwasha kiendelezi cha mfumo ikiwa programu inayokibeba inaendeshwa kutoka "Downloads" au moja kwa moja kutoka faili la usakinishaji lenye mwisho wa .dmg. Programu itafunguka vizuri tu na madirisha yake yataonekana, lakini ombi la ruhusa halitatokea kamwe, nawe utalitafuta bure.

Umefaulu ikiwa: programu inafunguka kutoka "Applications" na ndani ya sekunde chache mfumo unaonyesha ujumbe kwamba programu inataka kutumia kiendelezi.

## Hatua ya 3: Soma ujumbe, usibofye "OK" kwa mazoea

Hapa ndipo wengi wanapopotelea. Ujumbe una vitufe viwili. Kimoja ni "OK", na kingine kinakupeleka kwenye mipangilio: "Open System Settings", au "Open Security Preferences" kwenye matoleo ya zamani.

"OK" hapa haina maana ya "nakubali". Inafunga ujumbe tu, na kiendelezi kinabaki kimezuiwa. Mpangilio huu unapotosha, na simlaumu aliyenaswa nao.

Bofya kitufe kinachofungua mipangilio. Kabla ya hapo, jiulize mambo mawili:

1. Je, mimi ndiye niliyeanzisha usakinishaji huu sasa hivi?
2. Je, jina lililotajwa ni la programu ninayoisakinisha, au la kampuni inayoitengeneza?

Jibu la swali lolote likiwa "hapana", simama hapo hapo. Ombi la kiendelezi linalochipuka wakati hujasakinisha kitu ni dalili mbaya, na kulikubali ni kumfungulia mgeni usiyemjua. Vilevile, ujumbe unaojitokeza ndani ya ukurasa wa kivinjari na kukuambia "kompyuta yako ina virusi, bofya kuruhusu" hautoki kwenye macOS. Funga ukurasa huo.

Umefaulu ikiwa: dirisha la mipangilio limefunguka.

Kama tayari ulibofya "OK", usiwe na wasiwasi. Nenda mwenyewe kwenye ukurasa unaofaa, kama inavyoelezwa hapa chini.

## Hatua ya 4: Idhinisha kiendelezi katika ukurasa unaolingana na toleo lako

Apple imekihamisha kitufe hiki zaidi ya mara moja, ndiyo maana video ya mafunzo ya miaka michache iliyopita inaweza kukuelekeza mahali ambapo hakuna kitu. Fuata toleo lako tu.

### macOS 15 (Sequoia) na baadaye

Fungua "System Settings", kisha "General", kisha "Login Items & Extensions". Shuka hadi chini kwenye sehemu ya "Extensions".

Tafuta mstari wa "Endpoint Security Extensions". Bofya alama ya herufi i iliyo pembeni yake, washa swichi ya programu yako, weka nenosiri au alama ya kidole, kisha bofya "Done".

Usiondoke bado. Angalia pia mstari wa "Network Extensions", kwa sababu programu nyingi za usalama huja na viendelezi viwili: kimoja cha mafaili na programu zinazoendeshwa, kingine cha mtandao. Aliyewasha kimoja akaacha kingine hurudi kulalamika kwamba alama nyekundu imegeuka ya njano. Kama orodha yako imepangwa kwa majina ya programu badala ya aina za viendelezi, tafuta jina la programu na uwashe vyote vilivyo chini yake.

### macOS 13 na 14 (Ventura na Sonoma)

Fungua "System Settings", kisha "Privacy & Security", na ushuke hadi sehemu ya "Security". Utakuta maelezo kwamba programu ya mfumo imezuiwa au inahitaji uiangalie. Bofya "Allow". Kama vilivyozuiwa ni zaidi ya kimoja, kitufe kitasomeka "Details": kibofye, washa kila kilicho cha programu yako, thibitisha kwa nenosiri.

### macOS 11 na 12 (Big Sur na Monterey)

Fungua "System Preferences", kisha "Security & Privacy", kichupo cha "General". Kwanza bofya kufuli lililo chini kushoto na uweke nenosiri, kisha "Allow". Kufuli likiwa limefungwa, kitufe hakikubali.

Umefaulu ikiwa: ujumbe wa kuzuiwa umetoweka kwenye ukurasa, au swichi imebaki imewaka hata baada ya kufunga mipangilio na kuifungua tena.

## Hatua ya 5: Kubali uchujaji wa mtandao

Mara tu baada ya kuidhinisha kiendelezi cha mtandao, ujumbe mwingine hujitokeza ukisema programu inataka kuchuja mawasiliano ya mtandao, na kwamba shughuli zote za mtandao kwenye Mac hii zinaweza kuchujwa au kufuatiliwa. Bofya "Allow".

Maneno hayo yanatisha na ni ya kweli. Programu isiyoweza kuyaona mawasiliano haiwezi kuzuia tovuti ya ulaghai. Ikiwa humwamini mtengenezaji kiasi hicho, swali lako ni kama programu hiyo inafaa kuwepo kwenye mashine yako hata kidogo.

Ukibofya "Don't Allow" kwa bahati mbaya, funga programu kabisa na uifungue upya. Kwa kawaida itaomba tena.

Umefaulu ikiwa: katika "System Settings", chini ya "Network", sehemu ya vichujio ina jina la programu yako na alama ya kijani. Programu isiyo na kipengele cha mtandao haitaonyesha ujumbe huu, nawe nenda hatua ya sita.

## Hatua ya 6: Ipe ruhusa ya kusoma diski nzima

Hii ndiyo ruhusa inayosahaulika kuliko zote, kwa sababu haiji na kitufe cha haraka. Watu hudhani kwamba kuidhinisha kiendelezi kumetosha. Hakujatosha. Kiendelezi bila ruhusa ya diski ni mlinzi uliyemweka getini bila funguo za vyumba: anaona nani anapita, ila kilicho ndani hakioni.

macOS huzifungia programu zote baadhi ya sehemu, zikiwemo barua pepe, ujumbe, data za Safari na nakala rudufu za Time Machine. Antivirusi isiyo na ruhusa hii huruka sehemu hizo inapokagua, kisha inakuletea ripoti safi. Ripoti safi ya ukaguzi ambao haukufika kila mahali ni hatari kuliko kutokuwa na ripoti, maana inakulaza usingizi.

Fanya hivi:

1. Fungua "System Settings", kisha "Privacy & Security", kisha "Full Disk Access". Kwenye macOS 11 na 12 ipo ndani ya "Security & Privacy", kichupo cha "Privacy".
2. Tafuta jina la programu kwenye orodha na uwashe swichi yake.
3. Endelea kutazama chini. Mara nyingi kuna mistari miwili: programu yenyewe, na kiendelezi chake chenye jina linalofanana nayo. Washa yote miwili. Anayefanya kazi ya kukagua nyuma ya pazia ni kiendelezi. Dirisha unalolibofya ni sura tu.
4. Kama programu haipo kwenye orodha, bofya alama ya kujumlisha, nenda "Applications", ichague, kisha bofya "Open".
5. Ukiambiwa programu haitapata ruhusa mpaka ifungwe, bofya "Quit & Reopen". Usichague "Later" ukitumaini kwamba utakumbuka.

Tahadhari: washa programu uliyoisakinisha peke yake. Ukikuta kwenye orodha jina usilolijua likiwa limewashwa, lizime kwanza, kisha ulichunguze. Orodha hii inastahili kupitiwa mara kwa mara hata siku ambayo husakinishi chochote.

Umefaulu ikiwa: dirisha la programu halionyeshi tena ombi la kufikia diski, na mistari yote miwili imewaka.

## Hatua ya 7: Iache ifanye kazi nyuma ya pazia

Kuanzia macOS 13, mtumiaji anaweza kuzima huduma zinazojiendesha zenyewe. Fungua "General", kisha "Login Items" au "Login Items & Extensions", na utafute sehemu ya "Allow in the Background". Swichi ya programu yako iwe imewaka.

Kuna mtego mmoja hapa: kinachoonekana kinaweza kuwa jina la kisheria la kampuni wala si jina la bidhaa. Kuna watu huizima antivirusi yao wenyewe wakidhani wamenasa kitu cha ajabu. Angalia jina la mtengenezaji kwenye tovuti yake kabla ya kugusa swichi.

## Hatua ya 8: Washa upya na uhakikishe kwa macho yako

Washa kompyuta upya hata kama hujaombwa. Kisha usitegemee alama ya kijani ya programu peke yake. Uliza mfumo.

Fungua "Terminal" iliyo ndani ya "Applications", folda ya "Utilities". Andika amri hii na ubonyeze Enter:

`systemextensionsctl list`

Amri hii inasoma tu na haibadilishi kitu. Itakupa orodha ya viendelezi, na mwisho wa kila mstari kuna hali ndani ya mabano ya mraba:

- `[activated enabled]`: kimewashwa na kinafanya kazi. Hiki ndicho unachokitaka.
- `[activated waiting for user]`: kinakusubiri wewe. Rudi hatua ya nne.
- `[terminated waiting to uninstall on reboot]`: kimeondolewa, kitatoweka ukiwasha upya. Ni kawaida kukiona baada ya kusasisha programu au kuondoa ya zamani.

Orodha ikiwa tupu, programu haijawahi kuomba. Rudi hatua ya pili na uangalie ipo kwenye folda gani.

Jaribio la mwisho ni faili la EICAR, maandishi yasiyo na madhara yenye herufi 68 ambayo programu za antivirusi zimekubaliana kuyatambua kana kwamba ni kirusi. Lipakue kutoka tovuti ya EICAR. Programu ikilikamata, ulinzi wa mafaili uko hai. Ila kivinjari chenyewe kinaweza kulizuia kabla antivirusi haijaliona, kwa hiyo soma vizuri ni nani aliyetoa onyo kabla ya kushangilia.

## Mahali watu wanapokwama

Kitufe cha "Allow" kinaonekana lakini hakibofyeki. Sababu kuu ni kwamba unaendesha Mac kutoka mbali, au kuna programu inayoigiza mibofyo ya kipanya. macOS hukataa mibofyo ya kuigiza kwenye kitufe hiki kwa makusudi, ili kirusi kisijibofyee. Kaa mbele ya mashine, funga programu za kurekebisha kipanya na za kushiriki skrini, jaribu tena. Kama akaunti yako si ya msimamizi, tatizo ni hilo.

Kitufe kilikuwepo, sasa hakipo. Kwenye matoleo yaliyoanzisha utaratibu huu, kitufe kilikaa dakika 30 tu baada ya onyo. Dawa ni kuifanya programu iombe upya: ifunge kabisa, iwashe, au washa kompyuta upya, kisha nenda moja kwa moja kwenye mipangilio. Usisubiri onyo, kwani ombi linaweza kurudi kwenye ukurasa wa mipangilio kimya kimya.

Kila kitu kimewaka lakini programu bado inalalamika. Zima swichi ya "Full Disk Access", washa kompyuta upya, iwashe swichi tena. Hali hii hujitokeza zaidi baada ya kupandisha toleo kubwa la macOS au kuhamisha data kwenda Mac mpya, kwa hiyo nyakati hizo pitia hatua ya nne hadi ya saba hata kama huoni tatizo.

Mtu amekushauri uzime "System Integrity Protection". Usimsikilize. Programu ya usalama ya kisasa haihitaji hilo, na kuuzima ulinzi wa mfumo ili usakinishe ulinzi ni kichekesho.

## Kama programu yako bado inatumia kiendelezi cha keneli

Kwanza tafuta toleo jipya, karibu kila mtengenezaji makini analo. Ukishindwa kabisa na una Mac yenye chipu ya Apple, utaratibu ni huu:

1. Zima kompyuta. Shikilia kitufe cha kuwashia mpaka yaonekane machaguo ya kuanzia, kisha "Options" na "Continue".
2. Kwenye menyu ya "Utilities" chagua "Startup Security Utility", kisha diski yako, kisha "Security Policy".
3. Chagua "Reduced Security" na uweke alama kwenye ruhusa ya viendelezi vya keneli kutoka kwa watengenezaji wanaotambulika.
4. Washa upya, idhinisha kwenye "Privacy & Security", kisha washa upya tena.

Jina la chaguo hilo linajieleza: unashusha kiwango cha usalama wa mashine. Kwa maoni yangu, programu ya usalama inayodai bei hiyo leo ibadilishwe. Kwenye Mac ya Intel hulazimiki kupita huko. Idhinisha na uwashe upya tu.

## Ikiwa kompyuta ni ya ofisi

Ukiona swichi zimefifia au kuna maandishi kwamba mpangilio unasimamiwa na taasisi, usihangaike. Idara ya tehama huweza kutuma idhini hizi zote kwa wasifu wa usimamizi, yaani faili la mipangilio wanalolituma kwenye kompyuta, bila wewe kubofya kitu. Wapelekee picha ya skrini na matokeo ya amri ya hatua ya nane. Wataona kitambulisho cha mtengenezaji chenye herufi na tarakimu kumi, na hicho ndicho wanachokihitaji kwenye wasifu wao.

## Siku utakapoiondoa

Tumia kiondoaji cha mtengenezaji. Kama hakipo, iburute programu kutoka "Applications" hadi kwenye kapu la taka kwa kutumia Finder. Mfumo utakuonya kwamba kiendelezi kitaondolewa pamoja nayo na utaomba nenosiri. Usiifute kwa amri za Terminal, kwa sababu njia hiyo huondoa programu na kukiacha kiendelezi kikiendelea kuishi bila mwenyewe.

Washa upya, kisha endesha `systemextensionsctl list` kwa mara nyingine. Mstari wa programu hiyo usiwepo tena.